Chuma Nilichokisugua

Walisema sitaweza hata kuendesha baiskeli. Walisema hivyo mtaani kwetu Chemchem, sokoni na kwenye foleni ya maji, na wengine walimwambia mama yangu usoni: mtoto wa dereva aliyepindua gari la serikali atashika usukani gani? Shuleni waliniita Mwana wa Pindua. Mwalimu wangu wa hesabu, Mungu amrehemu, aliniambia mbele ya darasa zima nikazane na jembe, kwa kuwa jembe halipinduki. Wengi wao wamekwisha kufa. Waliobaki, wakitaka kununua gari, huja kwangu Itetemia kuniomba nilikague kwanza, nami hulikagua, wala siwakumbushi.

Stashahada yangu nimeitundika sebuleni mkabala na mlango, ili anayeingia aione kabla hajaniona mimi. Niliipata Uingereza. Katika somo la kukagua magari yaliyopata ajali hakuna mwanafunzi aliyenikaribia, na wenzangu walidhani nakesha na vitabu. Sikuwaambia kwamba somo hilo nilikuwa nimelimaliza nikiwa na miaka kumi hivi, kando ya njia ya zamani ya misafara, kwa aibu kubwa.

Wiki iliyopita kijana mmoja aliniletea gari linalovuja tangi. Alikuwa ameuziba ufa kwa sabuni ya mche. Wenzangu wa rika langu mnaijua harufu hiyo, sabuni na petroli zikichanganyika. Si harufu ya usafi wala ya uchafu. Nilipoinama chini ya lile gari ikanijia puani, nikalazimika kukaa chini kidogo. Kijana akadhani nimezeeka.

Baba yangu alikuwa dereva wa Bwana Misitu, Mzungu mrefu aliyezunguka misitu yetu ya miyombo akihesabu miti. Likizo moja baba alinichukua kwenda Usinge, ambako Bwana alikuwa amepiga kambi. Nilikaa nyuma ya landrova, juu ya magunia mawili ya unga na hema lililokunjwa. Ilikuwa kiangazi, asubuhi, njia kavu, na baba hakuwa na haraka. Nasema haya kwa sababu baadaye watu walisema mengine.

Nilimsikia akisema neno moja tu: "Usukani." Alilisema kama mtu anayemwita mwenzake aliyekuwa hapo sasa hivi. Gari likaacha njia, gurudumu la kushoto likapanda kichuguu, kisha nikaona mbingu chini na ardhi juu. Magunia yakapasuka. Kila kitu kiliponyamaza gari lilikuwa limelala chali, magurudumu yakizunguka polepole, na mimi nilikuwa kwenye majani bila hata mchubuko, mweupe kwa unga kutoka kichwani hadi miguuni. Baba alitambaa kutoka chini yake naye mweupe vilevile, ameushika mkono wake wa kulia kama mtu aliyebeba mtoto.

Wa kwanza kutufikia alikuwa Kapera, mrina asali, aliyekuwa karibu akikagua mizinga yake. Alisimama mbali.

"Mwangaluka," akatuamkia kwa Kinyamwezi, kwa tahadhari. "Ninyi ni watu?"

"Ni watu," baba akajibu. "Ni unga tu, ndugu yangu."

"Unga wote huo!" Kapera akasema, akaja kutushika.

Mahali pale palikuwa na kitongoji kidogo cha wajukuu wa wapagazi, watu ambao babu zao walichoka na safari za pembe za ndovu, wakatua mizigo wasiibebe tena. Waislamu na Wakristo waliishi pamoja. Mke wa katekista aliufunga mkono wa baba kwa vijiti na kitambaa, Kapera akamtuma mpwa wake kwa baiskeli hadi kambini kwa Bwana, nasi tukalala kwa katekista.

Bwana Misitu alifika kesho yake juu ya lori la mfanyabiashara wa nta, pamoja na fundi wa lori hilo, Fundi Mrisho, mtu mnene mwenye sauti ndogo, aliyejifunza kazi yake jeshini wakati wa vita. Bwana hakupiga kelele. Aliliangalia gari, akamwangalia baba.

"Usukani ulikufa mkononi, Bwana," baba akasema.

"Kila dereva anayepindua gari anasema hivi." Akanyoosha mkono. Baba akatoa leseni yake, kile kitabu kidogo, na Bwana akakitia katika mfuko wa shati lake, akafunga kifungo. "Fundi ataangalia gari. Kama gari ni mzima, dereva ni mbaya. Kama gari ni mbaya, dereva ni mzuri. Mimi narudi kesho kutwa, mchana."

Akaondoka na lori. Sisi tukabaki tukiutazama ule mfuko wa shati ukienda.

Ile leseni ndiyo iliyotulisha. Nilijua hilo hata kwa akili ya utoto, maana mama huko Chemchem alikuwa ameitengenezea mfuko wa kitambaa, na hakuna kingine nyumbani kilichoshonewa mfuko.

Fundi Mrisho alianza kwa kukopa, kwa sababu mkoba wake ulikuwa na spana na maneno tu. Kwa Kapera alikopa kamba zote za magome ya miyombo ambazo warina asali huning'inizia mizinga. Kwa mke wa katekista alikopa karai na nusu mche wa sabuni. Kisha akasema anataka nguo nyeupe, safi kabisa, ya kupangia vyuma, kwani kwenye nguo ya rangi uchafu hujificha.

Nguo nyeupe ilikuwa moja tu. Ilikuwa ya Bi Zuhura, bibi mdogo wa umbo, mkavu kama bua, aliyeketi mlangoni kwake akipepeta mtama. Akaingia ndani, akarudi na pande zima la bafta lenye harufu ya karafuu. Ilikuwa sanda yake. Alikuwa ameiweka sandukuni miaka mingi akisubiri siku yake.

"Bibi, hii hapana," Fundi Mrisho akasema. "Itachafuka."

"Sikukopeshi wewe," akasema. Akampita fundi, akampita baba, akaniwekea ile nguo mikononi. "Namkopesha huyu. Ataniletea nyingine atakapokuwa na kazi yake mwenyewe."

"Mtoto huyu?" fundi akasema. "Hata ndevu hana!"

"Ndiyo maana."

Nilivimba kwa fahari. Nilidhani ameona ndani yangu jambo ambalo wengine hawakuliona, na nilitembea na lile pande la bafta kama padri aliyebeba Sakramenti.

Kesho yake asubuhi wanaume walilifunga gari kamba, wakaingiza magogo chini, Kapera akaanzisha wimbo wa kuvuna asali, likainuka, likasimama kwa magurudumu yake na kutikisika. Kijana mmoja akarukia kiti cha dereva.

"Toka!" Fundi Mrisho akafoka, na ile sauti ndogo ikawa kubwa. "Gari lililolala chali haliwashwi. Oili imepanda kichwani. Ukiliwasha, unaliua mwenyewe."

Sasa lazima nieleze nilivyoelewa mimi. Nyumbani kwetu tulikuwa Wakatoliki, na mambo ya mfumu, yaani mganga anayebashiri, hayakutajwa. Lakini mjomba wangu mmoja hakubatizwa, na kwake nilikwisha kumwona mfumu akifanya kazi. Mfumu humpasua kuku, humtandaza, husoma mabawa na utumbo. Palipo peupe ni heri. Palipo na doa jeusi ni hatia ya mtu, na huyo mtu hutajwa jina.

Basi Fundi Mrisho aliitandika ile sanda chini. Akafungua boneti, akachomoa plagi nne, akazipanga mstari mmoja juu ya nguo nyeupe, akachuchumaa na kuzisoma.

"Huyu amekunywa oili," akasema. "Huyu pia. Huyu mkavu. Huyu anadanganya, ngoja nimfute."

Na wakati huohuo, hatua kumi tu kutoka hapo, mke wa katekista alikuwa akimnyonyoa kuku. Alikuwa wa mchuzi wa baba, ili mfupa uunge. Mimi sikujua. Nilichoona ni kuku, nguo nyeupe, na mtu anayesoma vitu vilivyotoka tumboni. Nikaelewa kwamba Bwana Misitu, Mzungu na mbatizwa, ametuletea mfumu.

Fundi akaingiza hendeli mbele ya gari, akazungusha taratibu. Oili nyeusi ikaruka kutoka kwenye matundu ya plagi, ikamwagikia sanda. Nilijificha nyuma ya Kapera.

"Afadhali itoke sasa," fundi akasema kwa furaha.

Aliendelea siku hiyo yote. Tindikali ilikuwa imevuja kwenye betri. Akaikinga katika karai la mke wa katekista, nayo ikaanza kulila karai. Tangi lilikuwa na ufa. Akausugulia sabuni hadi petroli ikaacha kudondoka. Akachambua uzi kutoka kwenye kamba za Kapera, akapima nao kutoka pembe hadi pembe chini ya gari, kisha pembe nyingine kwa nyingine, akalinganisha urefu. "Chesisi haikupinda," akasema. Akashikilia bua la mtama karibu na kila tairi huku akilizungusha, aone kama linayumba. Breki zilishika. Jioni akazirudisha plagi, akajaza oili, na injini ikawaka kwa moshi mzito wa buluu. Kitongoji kizima kikapiga vigelegele.

Baba peke yake hakufurahi. Kila fundi aliposema kitu hiki kizima, baba alizidi kuinamisha kichwa. Nilimwonea hasira. Nilidhani maumivu ya mkono yamemfanya asione heri iliyokuwa ikitujia.

Asubuhi iliyofuata, siku ya kurudi Bwana, fundi aliniita. "Wewe mwembamba. Pita chini, uguse usukani kutoka juu hadi kwenye magurudumu, uniambie unapoishia."

Nikapita chini kwa mgongo. Niliifuata ile rodi inayounganisha usukani na magurudumu, mkono juu ya mkono, kama mtu anayepanda kamba. Karibu na gurudumu la kushoto mkono wangu ukashika hewa.

"Unaishia hapa, Fundi."

Akainama achungulie. Kisha akaingia chini mwenyewe, mnene vile, akifoka na kuguna, akaifungua ile rodi na kuiweka juu ya sanda. Ilikuwa imevunjika, na kipande chenye kichwa cha duara hakikuwapo. Baba akasogea. Uso wa mvunjiko ulikuwa na sehemu mbili: nusu iling'aa kama sarafu mpya, nusu ilikuwa nyeusi kwa kutu.

Fundi Mrisho akamtazama baba, akasema polepole, "Umeona huu weusi? Huu ndio utakaosema mbele ya Bwana leo."

Baba akafunika uso kwa mkono wake mzima. Mabega yakatikisika.

Nilisikia kila neno na sikuelewa hata moja. Weusi utasema mbele ya Bwana. Baba analia. Doa jeusi ni hatia. Angekuwa mtoto wa mahali pengine angeuliza. Mimi niliyemwona mfumu sikuuliza, nilijua.

Adhuhuri ilipofika fundi alikwenda kusali kwenye mkeka wa Bi Zuhura. Baba alikuwa amelala ndani. Nikachukua ile rodi, nikachukua kipande cha sabuni kilichobaki, nikaenda kisimani. Nilisugua kwa sabuni na mchanga, nikasugua kwa majivu, nikachokonoa vishimo kwa mwiba. Nilikuwa mtoto wa bidii, na sijabadilika. Fundi alipomaliza sala, ile rodi ilikuwa juu ya sanda mahali pake, na uso wake wote uling'aa.

Akaiokota. Akaigeuza. Akaniona nilivyolowa.

"Umefanya nini?"

"Nimemtoa baba hatia," nikasema.

Ni mara moja tu nimeona mtu mnene akikaa chini bila kutafuta kiti.

Hakunipiga. Alinieleza, na maelezo yale ndiyo niliyoyaandika katika mtihani wangu Uingereza, kwa Kiingereza kizuri zaidi. "Mwanangu, chuma kilichovunjika juzi kinang'aa. Kilichoanza kuvunjika zamani kinaingia kutu. Weusi ule ulikuwa unasema rodi ilikuwa na ufa kabla ya safari yenu. Ulikuwa shahidi wa baba yako. Sasa Bwana atakuja, ataona chuma kinachong'aa, atasema kimevunjika kwa sababu gari limepinduka. Nami nikimwambia nilichoona, atasema Waswahili wanabebana."

Baba alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa amesikia. Akanigeuzia mgongo, na nimewahi kutukanwa na watu wengi lakini hakuna tusi lililonipata kama mgongo ule.

"Kuna kipande cha pili," hatimaye nikasema.

"Kipo porini," fundi akajibu. "Na lori linakuja."

Tulitoka wote, Kapera na mpwa wake, katekista na mkewe, hata Bi Zuhura na fimbo yake. Walitafuta pale gari lilipolala. Mimi nilisimama nikafikiri, na hilo ndilo jambo la kwanza la kitaalamu nililolifanya maishani. Gari lilipogonga kichuguu ndipo magunia yalipopasuka. Basi unga wa kwanza kumwagika ungenionyesha mahali gurudumu lilipogonga na kukidondosha kile kipande. Kwenye majani unga ulikwisha kutoweka, lakini sisimizi walikuwa bado wakiubeba. Nikafuata mstari wao kinyumenyume, kutoka kwenye shimo lao hadi chini ya kichuguu, na hapo, ndani ya ganda la unga lililogandamana na umande, palikuwa na kitu cha duara.

Sikukigusa. Nilikimbia kuleta sanda, nikakifunika, nikakibeba kama nilivyofundishwa kubeba yai.

Lori lilifika vumbi la kukimbia kwangu halijatulia. Bwana Misitu akashuka, leseni ikiwa bado katika mfuko wa shati.

"Gari?"

"Gari linawaka, Bwana," fundi akasema. "Ila hapa." Akampa ile rodi.

Bwana akaigeuza. "Hii ni mpya. Imevunjika kwa kupinduka."

"Upande huo umesuguliwa," nikasema. Watoto hawakusema na Wazungu siku zile. "Ni mimi niliyesugua. Nilidhani kutu ni ubaya. Upande wa pili huu hapa, sikuusugua."

Nikaifunua sanda. Bwana akachukua kile kipande, akakipachika kwenye mwenzake. Vishimo vikaingiana sawasawa kama meno ya juu na ya chini. Akavitenganisha, akautazama uso wa kile kipande. Nusu inang'aa, nusu nyeusi.

Alitazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akamgeukia baba.

"Kisiki ile," akasema. "Siku ya kanga."

"Ndiyo, Bwana."

Hapo ndipo sisi wengine tulipojua. Miezi michache nyuma Bwana mwenyewe alikuwa ameshika usukani akikimbiza kanga porini, akagonga kisiki. Baba alikuwa ameketi kando yake. Siku tatu nzima, na mkono umevunjika, na leseni imechukuliwa, baba hakulitaja jambo hilo kwa mtu yeyote isipokuwa fundi, kwani dereva hamwambii bwana wake kwamba kosa ni lake bwana. Alikuwa akisubiri chuma kiseme.

Bwana akafungua kifungo cha mfuko, akamrudishia baba leseni yake. Hakuomba radhi, ila aliishika kwa mikono miwili alipoitoa. Kisha akavifunga vile vyuma viwili ndani ya sanda ya Bi Zuhura, akaandika juu ya nguo kwa kalamu, akaondoka navyo vikawekwe bomani. Sanda haikurudi tena.

Baba aliendesha gari miaka minne zaidi, mkono ukiwa umepinda kidogo, akahamishiwa kusini, na njia ile hakuipita tena. Alifariki nikiwa ng'ambo. Jina la Pindua watu hawakuliacha, kwa sababu gari lililopinduka lilionwa na wengi na kile kipande cheusi kilionwa na wachache.

Niliporudi na stashahada, bendera ya Mwingereza ikiwa bado bomani, kazi yangu ya kwanza ilinipa landrova. Nilipopokea mshahara wa kwanza nilishika njia ile, nikiendesha mwenyewe, na madeni yangu nikiwa nimeyakariri kama sala: kamba, karai, sabuni, sanda. Kapera nilimpa marobota mawili ya kamba ya katani, akalizunguka gari akiligongagonga na kusema, "Kumbe kweli hukupinduka njiani!" Mke wa katekista nilimpa makarai mawili na katoni nzima ya sabuni, akalia, akaniambia lile karai lililotoboka alipandia mboga.

Bi Zuhura alikuwa mlangoni palepale, mdogo zaidi, akipepeta mtama. Nikamwamkia shikamoo, nikapiga goti, nikamwekea magotini pande jipya la bafta, ghali kuliko yote madukani Tabora, nikamweleza mimi ni nani, nimesoma wapi, nimekuwa wa ngapi.

Akalipapasa lile pande kwa vidole. Akalinusa. Uso wake ukakunjamana.

"Mbona upesi hivi?"

"Upesi, bibi? Ni miaka kumi na kitu!"

"Nilimkopesha mtoto kusudi," akasema. "Mtu hafi akiwa anadai sanda yake. Mungu si dhalimu kiasi hicho. Nilihesabu utasoma, utachelewa, utaoa kwanza, utasahau kidogo. Nawe umekimbia kama unayefukuzwa." Akatikisa kichwa. "Haya. Umelipa. Hunidai, sikudai."

Nilibaki nimepiga goti.

Yeye akageuka, akawatazama watoto waliokuwa wamelizunguka gari langu, akamchagua aliyekuwa mdogo kuliko wote, msichana wa Kapera, asiyezidi miaka mitano.

"Wewe," akamwita, akilikunjua lile pande la bafta. "Njoo hapa, mama. Kwenu hamna shida ya shuka?"